Tulivyokwenda Kuposa Mchungwa

Mume wangu alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na niseme mapema kwamba nilimpenda sana, ili nikianza kueleza mambo yake mtu asidhani nina kinyongo naye. Alikuwa mrefu, ana sauti ya kumwamsha aliyelala kijiji cha jirani, na alivaa koti zito la sufu hata siku za jua. Kijiji chetu kilikuwa kando ya barabara ya Laela, mahali ambapo upepo wa mwezi wa sita huvuma mpaka kuku wanatembea ubavu. Tulihamia pale wakati wa vijiji vya ujamaa, nyumba zikapangwa mistari kama darasa, na mume wangu akachaguliwa kwa sababu ndiye pekee aliyesikika upepo ukivuma. Mimi nilifundisha kisomo cha watu wazima wakati wa alasiri. Saa zilizobaki nilikuwa mke wa mwenyekiti, kazi isiyo na likizo.

Siku moja alikuja mgeni kutoka mkoani kukagua shamba la mahindi la kijiji. Alipendezwa, na katika kuaga akatushushia kikapu cha machungwa kutoka kwenye gari lake. Alisema yametoka Morogoro, ni machungwa ya aina yake, tule kwa afya. Gari likaondoka, vumbi likatulia, mume wangu akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Ndugu wananchi! Kula tutakula. Lakini mbegu ni mali ya kijiji. Kila mtu akikuta mbegu asiitupe, aiweke hapa." Akatandaza gunia chini. "Mwakani tutakuwa na shamba la machungwa kuanzia hapa mpaka kule mtoni."

Tukagawana, kila mtu vipande vyake. Jamani, yalikuwa matamu! Watu walinyonya mpaka maganda. Ilisikika midomo tu. Halafu mume wangu akainama kutazama gunia. Lilikuwa tupu.

"Wekeni mbegu," akasema.

Watu wakaendelea kulamba vidole.

"Ndugu zangu, sisemi kwa ubaya. Mbegu ziko wapi?"

Kila mmoja akamtazama jirani yake. Mama mmoja akasema chake hakikuwa na mbegu. Mwingine akasema na chake pia. Mume wangu akacheka kicheko cha mtu anayejua kwamba anachezewa. "Kikapu kizima, chungwa moja halina mbegu, la pili halina, la tatu halina! Mmezificha mkapande majumbani kwenu. Huo ni ubinafsi!" Akaamuru watu wafungue mikono. Kisha akaamuru wafungue midomo. Nawaambieni, nilimwona mume wangu akizunguka kijiji kizima akichungulia midomo ya watu kama anayenunua ng'ombe, na mimi mkewe nilifunguliwa wangu vilevile.

Mzee mmoja aliyekuwa akitamani kwenda kwenye pombe yake ya ulezi akaamua kulimaliza jambo hilo. "Mwenyekiti, mimi nimezimeza."

"Zote?"

"Zote. Niruhusu niende."

"Huendi popote! Utakaa hapa mpaka tuzipate."

Watu wakaangua kicheko, mzee akaketi tena amenuna. Hapo ndipo mume wangu alipoona kitu cheupe pembeni mwa gunia. Akakirukia, akakiinua juu ya kichwa chake. "Hii hapa! Mmeona? Ipo! Nani mzalendo aliyeiweka?"

Bibi mmoja akanyoosha mkono, akasema kwa upole, "Hilo ni jino langu, mwanangu. Lilikuwa linalegea tangu juzi."

Katikati ya vurugu hiyo akafika Bwana Shamba kwa baiskeli. Alikuwa kijana mwembamba kutoka Mbeya, mgeni kwetu, mpole mno, na alikuwa bado anamwogopa mume wangu. Alipoelezwa kesi yenyewe, akaokota ganda, akalitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Mwenyekiti, machungwa haya hayana mbegu. Ndivyo yalivyo."

"Hayana mbegu? Basi yalizaliwaje?"

"Mti wake ulikatwa kutoka kwenye mti mwingine."

"Na huo mti mwingine?"

"Nao ulikatwa kutoka kwenye mwingine."

"Na bibi yake?"

"Vilevile, mwenyekiti."

Mume wangu akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu mwenye homa. Lakini yule kijana, akiingia kwenye mambo ya mimea, woga ulimtoka. Akauliza kama kuna mtu aliyewahi kupanda mbegu ya kiazi kitamu. Wakasema hapana, tunapanda marando, yale mashina yake yanayotambaa. Akauliza mgomba. Watu wenye ndugu zao kule Wampembe, ziwani, wakasema mgomba hupandwa chipukizi lililoota ubavuni mwa mama yake. Na nanasi? Wakasema unakata kile kishungi cha juu unakichomeka ardhini. "Basi," akasema, "na chungwa hili ni hivyo hivyo. Mti ni uleule mmoja tangu mwanzo, watu wanaukata vipande na kupeana."

"Vizuri," mume wangu akasema. "Tutatafuta tawi, tulichomeke."

"Litakauka. Mchungwa ni mvivu wa kuota mizizi. Unahitaji kuazimwa miguu."

Akaeleza kwamba nyuma ya nyumba zetu ilikuwapo miche ya milimau, iliyoota yenyewe pale tulipotupa mbegu. Mlimau una mizizi ya nguvu. Unapasua gome lake kidogo, unachukua jicho la mchungwa, yaani kile kichomozo kilicholala kwenye kikonyo cha jani, unaliingiza ndani ya gome, unafunga. Likishika, unakata mlimau juu ya jicho, na kutoka hapo kwenda juu mti wote ni mchungwa. Wenyewe huita kubebesha. Kilichokosekana ni mchungwa wa kutoa macho.

Bibi mwenye jino ndiye aliyesema kwamba Sumbawanga mjini, uani kwa familia moja ya Kiislamu yenye duka na malori, upo mchungwa ambao matunda yake hayana mbegu. Aliwahi kupewa chungwa pale. Mume wangu akasema kesho yake tunakwenda.

Tulikwenda watatu: yeye, mimi, na Bwana Shamba akiwa amevaa shati jeupe alilopiga pasi. Hilo shati ndilo lililotuponza. Na kuku pia, maana mume wangu alisema haendi kuomba mikono mitupu, akabeba jogoo mkubwa na kikapu cha unga wa ulezi. Mtu akituona njiani alijua kabisa tunakwenda kuposa, ila sisi wenyewe hatukujua.

Mama mwenye nyumba alitupokea kwa heshima zote. Alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye ushungi mweupe na sauti tamu. Tukasalimiana, tukakaribishwa sebuleni, chai ikaja na mandazi. Nyuma ya pazia nilisikia vicheko vya chinichini vya wasichana. Mama akamtazama jogoo, akatazama unga, akalitazama lile shati jeupe, akajitengeneza kwenye kiti.

Mume wangu akasafisha koo. Kwa Wafipa wa umri wake, kuomba kitu moja kwa moja ni utovu wa adabu, kwa hiyo akazunguka.

"Mama, tumetoka mbali. Sifa zenu tumezisikia mpaka kijijini. Tumeambiwa hapa kwenu kuna kitu kizuri mmekilea, nasi tumekuja kwa heshima kukiomba."

Vicheko nyuma ya pazia vikakoma ghafla.

"Alhamdulillahi," mama akasema. "Na mwombaji ni nani?"

Mume wangu akamwekea Bwana Shamba mkono begani. "Kijana huyu ndiye atakayeifanya kazi yenyewe. Amesomea."

Mama akamtazama Bwana Shamba kuanzia viatu. Maskini akatabasamu.

"Anaonekana mpole. Lakini yeye ni Mkristo, nadhani?"

Mume wangu akashangaa swali hilo, lakini akajibu. "Ni Mkristo, mama, ila hilo halina shida. Ameshafanya kwa watu wa kila dini."

Kikombe cha mama kilisimama hewani. Mimi nilikuwa nimeuma andazi, nikaanza kuhisi kwamba kuna jambo haliendi sawa, lakini nilikuwa bado sijalijua.

"Mwanangu nimemlea kwa taabu," mama akasema polepole. "Huko kwenu kuna baridi. Mtamweka wapi?"

"Nyuma ya nyumba."

"Nyuma ya nyumba!"

"Pana mbolea nzuri sana. Na maji asubuhi na jioni, mimi mwenyewe nitahakikisha."

"Subhanallah."

Mume wangu aliona mama amebadilika uso, akadhani anaona uchungu wa kutoa. Akaamua kumtuliza. "Usiogope, mama. Hatuchukui chote. Tutakata vijipande tu, kingine chote kitabaki hapa hapa kwako." Na Bwana Shamba, akitaka kuonyesha kwamba kazi hiyo itafanyika kwa usafi, akatoa kisu mfukoni, akakikunjua.

Sijawahi kusikia ukelele kama ule. Sinia lilianguka nyuma ya pazia, wasichana wakatimua mbio, jogoo akapata mwanya akarukia mezani, na mwanamume mmoja akaingia kutoka dukani ameshika jiwe la mizani. Nilikuwa nimeshaelewa, lakini andazi lilikuwa limejaa mdomoni. Nikalimeza zima zima, nikapiga kelele, "Mchungwa! Mama, mchungwa! Tumekuja kuomba mchungwa!"

Jogoo akanywa chai ya mume wangu.

"Mchungwa gani?" mama akauliza.

"Ule wa uani. Usio na mbegu."

Mama akafunika uso kwa ushungi. Tukadhani analia. Mabega yalikuwa yakitikisika. Kumbe alikuwa anacheka, na akacheka mpaka akaomba maji, na kila alipomtazama Bwana Shamba na kisu chake alianza upya. Yule wa jiwe la mizani akalazimika kukaa chini. Mume wangu peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa akiuliza, "Kwani wao walidhani nini?" Nilimweleza baadaye garini, na kutoka hapo mpaka nyumbani alijifunika uso kwa kola ya koti.

Mama alitukatia vijiti tele vya mchungwa, na Bwana Shamba akapunguza majani yake ili visikauke. Alimkubali jogoo, akasema mahari imepokewa. "Na mume ni nani?" akatuuliza akitusindikiza mlangoni.

"Mlimau, mama," nikamjibu.

"Masikini binti yangu! Mkali namna hiyo!"

Tukapewa nafasi kwenye lori lao lililokuwa linakwenda Tunduma. Vijiti vilipaswa kubaki na unyevu, kwa hiyo nilivifunga katika kanga yangu, nikavipakata, na kila mara nikamimina maji ya kibuyu juu yake. Abiria wenzangu waliniangalia vibaya. Upepo ulikuwa ule wa kukata masikio. Mwishowe mwanamke mmoja hakuvumilia, akasema, "Dada, huyo mtoto atakufa! Unamwagiaje maji baridi namna hii?" Nikamwambia si mtoto, ni mchungwa. Akasogea mbali nami, akamshika vizuri wa kwake.

Kubebesha kwenyewe kulikuwa kama siku ya upasuaji. Bwana Shamba alipiga magoti kwenye kila mche wa mlimau, akachora gome kwa ncha ya kisu, akalifunua taratibu, akatelezesha jicho ndani, akafunga kwa vitambaa vya nailoni. Watu walisimama nyuma yake wakisema "pole" kila alipokata. Kwa wiki kadhaa watu walipita kuiamkia miche ile na bandeji zake, na bibi mmoja aliwahi kuiletea uji. Vitambaa vilipofunguliwa, macho mengi yalikuwa mabichi, yamevimba, mengine yameshaanza kutoa majani madogo. Nakumbuka nilifurahi kama niliyezaa mimi.

Kisha Bwana Shamba akahamishiwa Kipili kule ziwani. Kabla ya kuondoka alimwambia mume wangu, mimi nikisikia: "Mwenyekiti, mlimau utajaribu kuchipua chini ya jicho. Kila kitakachoota chini, kata. Kilichoota kwenye jicho, linda." Mume wangu akaitikia kwa kichwa kwa ukakamavu wote.

Lakini muda si mrefu akaitwa kwenye semina ya siasa huko mjini. Somo lilikuwa unyonyaji. Akarudi moto umemkolea, anaona wanyonyaji kila mahali. Alimkemea paka wetu kwa kulala mchana. Na asubuhi moja alipokwenda kuikagua miche, akasimama, akaitazama kwa muda mrefu, akaniita.

"Hebu tazama. Haya matawi ya chini yameota kwenye shina lake mwenyewe, yana afya, yanajitegemea. Halafu angalia haka. Kadogo, kameng'ang'ania ubavuni mwa mwenzake, kanakula kwa mizizi isiyo yake. Haka ni nini?"

"Hako ndiko kamchungwa, baba watoto. Bwana Shamba alisema..."

"Haka ni kupe! Kijijini kwangu hapana kupe."

Nilisema, nikarudia kusema, mpaka nikamshika mkono wenye panga. Akanijibu kwamba mimi najua kusoma lakini sijahudhuria semina. Akapita mche kwa mche akikata michungwa yote na kuacha milimau yote, huku akihutubia. Mche mmoja tu ulimshinda, ule wa nyuma ya ghala, kwa sababu manyigu walikuwa wamejenga ndani yake. Alijaribu. Waliuvamia uso wake na kuuvimbisha mpaka akawa hawezi kuhutubia kwa siku nzima, jambo ambalo kijiji kilikumbuka kwa shukrani.

Miaka ikapita, miti ikastawi vizuri ajabu, ikazaa. Matunda yalikuwa ya njano, ya mviringo mrefu, yenye chuchu mwishoni na ngozi ya vipele. Nikamwambia, "Haya yanafanana na malimau." Akasema chungwa la baridi lina umbo lake. Akaalika wageni kutoka mkoani, pamoja na yuleyule wa kikapu.

Siku hiyo kwaya iliimba, hotuba ikasomwa, mume wangu akachuma tunda la kwanza, akalimenya mbele ya watu wote na kujaza mdomo. Nilimwona jicho moja likifunga lenyewe. Masikio yalisogea. Machozi yakamtoka, akatafuna, akameza, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Tamu."

Mgeni wa mkoani akapewa la pili. Akauma. Shingo ikaingia ndani ya kola. Alitazama umati uliokuwa ukimsubiri, akamtazama mume wangu, akasema, "Safi sana. Hongereni." Baada ya hapo nani angesema vingine? Kamati nzima ikala. Kwaya ikala. Watu wazima wamekunja nyuso kama vitambaa vilivyokamuliwa, wanapongezana. Watoto ndio waliotema, wakapigwa.

Bwana Shamba alikuwapo, amerudishwa kwetu mwezi uleule, amenenepa kwa migebuka, wale samaki wa Kipili. Yeye alitema waziwazi, kisha akainama kukagua mashina. Akayaona makovu.

"Mwenyekiti," akasema, na safari hii hakuwa na woga hata chembe, "mmemfukuza bibi harusi mkaishi na bwana harusi."

Mume wangu alikaa chini kwenye nyasi. Nilidhani atabisha. Badala yake akaniangalia mimi, akasema polepole kwa Kifipa kwamba nilimwambia. Ni mara ya pekee katika ndoa yetu, na nilijizuia kucheka kwa kuwa midomo yake ilikuwa bado imekauka kwa limau. Nikamletea maji.

Ndipo nilipokumbuka mti wa manyigu. Tukaenda nyuma ya ghala, Bwana Shamba akawafukiza kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, na ndani ya majani tukakuta machungwa, machache, ya mviringo kamili. Ngozi ilikuwa ya kijani, maana kwetu yaliiva bila kubadilika rangi. Tukapasua moja. Ndani lilikuwa la dhahabu, maji yanachuruzika, na hapakuwa na mbegu hata ya dawa. Kutoka kwenye mti huo Bwana Shamba alichukua macho na kubebesha upya miti yote, na panga la mume wangu nikalihifadhi mimi chini ya kitanda mpaka kazi ilipokwisha.

Tabu iliyobaki ilikuwa rangi. Tulipopata machungwa ya kutosha tukayapeleka stendi ya Laela, na hakuna abiria aliyeyagusa. Walisema mabichi. Mume wangu alihutubia madirisha ya basi, akaapa, akajipiga kifua, watu wakazidi kucheka. Mwishowe nikamwambia anyamaze, nikamenya moja, nikampa bure dereva. Dereva akala, akatikisa kichwa, akawasha gari. Basi likaanza kuondoka, na hapo hapo akatoa kichwa nje akipiga kelele, "Mama! Lete! Lete yote!" Abiria nao wakatoa mikono madirishani. Mimi nilikuwa nimefunga kanga vibaya, siwezi kukimbia. Mume wangu akavua lile koti la sufu, akalijaza machungwa, akalikimbiza basi kwenye vumbi kuelekea Tunduma, akiyarusha moja moja madirishani huku akitangaza kwa sauti yake yote kwamba hayana mbegu, ndugu zangu, msitafute, hayana mbegu.